Kiti cha mbele si lazima kiwe bora

Tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 14, 2024, safari hiyo imekuwa ya chini ya saa mbili. Mkazi wa Kilakala au Mwembesongo, mjini Morogoro, anayependa sanaa anaweza sasa kushuka Dar, kutazama onyesho, kulala kwa ndugu na kurudi asubuhi. Mwenye nafasi zaidi huvuka bahari hadi Ngome Kongwe, Unguja. Nauli hulipwa, tiketi hukatwa, kisha kosa hufanyika mlangoni: mtu anakimbilia safu ya kwanza.

Mazoea hayo yana chanzo. Katika sherehe nyingi nchini, mbele huwekwa sofa, meza yenye kitambaa na maji ya chupa kwa ajili ya mgeni rasmi. Mwananchi amekua akiona kwamba mbele ndiko kwenye heshima, naye anaamini ndiko kwenye uhondo pia. Heshima ni kweli ipo. Uhondo hutegemea kinachofanyika jukwaani.

Ngome Kongwe inalionyesha jambo hilo vizuri. Ilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kuondolewa, na leo ndani ya kuta zake kuna jukwaa la wazi linalotazamwa kutoka ngazi za mawe zilizopangwa nusu duara. Tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likiitumia ngome hiyo tangu 1998, na lile la muziki la Sauti za Busara tangu 2004. Anayekaa ngazi ya chini kabisa huona nyuso za wachezaji kwa ukaribu, lakini mistari wanayoichora kwa miguu inampita. Akipanda ngazi chache, anaona uso na mchoro kwa pamoja. Akiwa na khanga ya kukalia, atavumilia jiwe hadi mwisho.

Kwa muziki, kanuni ni nyepesi zaidi: mtafute fundi mitambo. Yeye hupanga sauti kwa kusikiliza kutoka pale alipo, kwa kawaida katikati ya ukumbi, mkabala na jukwaa. Aliye jirani naye husikia karibu kile anachokisikia fundi. Aliyebanwa mbele ya spika ya kulia hupigwa na besi, na maneno ya mwimbaji yanazama. Aliye mbali sana naye ana shida yake. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, hivyo mtu aliye mita 34 nyuma huona fimbo ikigonga ngoma kabla ya kuisikia, kwa tofauti ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Morogoro haihitaji kufundishwa kusikiliza. Huu ni mji wa Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa 1944, na wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Ndiko alikotamba Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka, Japani. Utamu wa muziki ule uko katika magitaa yanayojibizana, na masikio hayawezi kuyatenganisha yakiwa yamezibwa na spika moja.

Wazee waliokwenda sinema walilijua hili kwa bei. Katika majumba ya sinema ya Afrika Mashariki, tiketi za bei ya chini zilikuwa za mbele, chini ya pazia, ambako mtazamaji alikunja shingo saa mbili nzima. Balkoni ndiyo iliyokuwa ghali.

Tamthilia inataka ukaribu zaidi. Jicho likitetemeka au mdomo ukikunjwa, aliye safu ya ishirini hapati kitu. Kwa mchezo wa kuigiza, safu ya nne hadi ya nane, karibu na katikati, inatosha: uso unaonekana na jukwaa lote linaingia machoni.

Ngoma nayo ina dai lake. Vijijini Uluguru, watu huizunguka, na anayetaka kuona vizuri husogea. Ikiletwa mjini kwenye hafla, wachezaji huambiwa waielekee meza kuu, na wananchi waliofika tangu asubuhi hubaki wakitazama migongo. Ni dhuluma kwa mtazamaji na kwa msanii pia, kwa kuwa anawachezea wachache, tena mara nyingine mbele ya viti vilivyo vitupu kwa sababu mgeni hajafika.

Waandaaji wa hafla za Morogoro wanaweza kulirekebisha bila gharama. Wawaweke wachezaji katikati ya uwanja, viti vizunguke pande zote, na onyesho likianza, viti vilivyo wazi wapewe waliosimama. Naye mnunuzi wa tiketi aulize mapema, kabla ya kutoa hela: jukwaa limeelekea wapi, spika zimesimama wapi, na fundi mitambo atakaa wapi.