Mchezaji Sugu Hapimwi kwa Mashine Anayomiliki

Ulimwengu wa gemu za video una imani moja iliyokita mizizi, na imeshafika Bariadi, mkoani Simiyu, kama ilivyofika kwingine. Imani hiyo inawagawa wachezaji mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la wachezaji sugu: wana mashine zao nyumbani, wananunua gemu mpya kila zinapotoka, wanajua toleo hili limetofautiana wapi na lile. Fungu la pili ni la wapita njia, wale wanaoingia kwenye kibanda cha gemu, wakatoa hela ya mechi moja ya mpira, wakafunga au wakafungwa, wakaenda zao. Wa kwanza wanahesabiwa kuwa ndio wenye gemu, na wa pili wanachukuliwa kama watu wa kupitisha muda. Vijana wenye PlayStation 5 (PS5) husema hivyo waziwazi. Wazazi husema kwa namna yao wanapodai kwamba vibandani hakuna lolote ila uzururaji. Kampuni zinazotengeneza mashine nazo husema, kwa jinsi zinavyopanga bei na huduma zao. Mimi naupinga mgawanyo huu tangu mzizi. Unachopima ni mfuko wa mtu, kisha matokeo yake yanatangazwa kana kwamba yamepima mapenzi na ustadi.

Chimbuko lake halina siri. Novemba 2006 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine ya Wii. Kwa ubora wa picha ilikuwa nyuma sana ya PlayStation 3 ya Sony na Xbox 360 ya Microsoft, lakini iliendeshwa kwa kupunga mkono, na bibi asiyewahi kushika pedi aliweza kucheza tenisi na mjukuu wake siku hiyohiyo. Satoru Iwata, mkuu wa kampuni wakati huo, alikuwa ameweka lengo la kupanua idadi ya wanaocheza badala ya kuendelea kuwagombania walewale. Wii ikauzwa zaidi ya milioni 100, wakati wapinzani wake wawili waliishia kila mmoja kwenye milioni themanini na kitu. Hapo ndipo wachezaji wa siku nyingi walipoanza kulalamika kwamba uwanja wao umevamiwa na watu wasiostahili, na wauzaji wakayachukua malalamiko hayo wakayageuza kuwa mpango wa biashara: mashine hii ni ya sugu, ile ni ya familia. Muuzaji kupanga wateja wake kwa mafungu si kosa. Kosa ni letu sisi wachezaji, tulipolichukua fungu la muuzaji tukalifanya daraja la heshima baina yetu.

Basi tutazame fungu hilo linahesabu nini hasa. Linahesabu mashine zilizouzwa, akaunti zilizofunguliwa na gemu zilizolipiwa. Weka kipimo hicho juu ya Simiyu, mkoa wenye watu zaidi ya milioni mbili kwa sensa ya 2022, uone kinachobaki. Mashine moja ya kibandani inaweza kuchezwa na makumi ya vijana kwa wiki, lakini katika vitabu vya Sony ni mnunuzi mmoja. Mara nyingine huyo mmoja naye hayupo, kwa kuwa mashine ilishauzwa na kuhesabiwa nchi nyingine kabla ya kuletwa huku ikiwa mtumba. Tukija kwenye akaunti, kusini mwa Sahara huduma ya mtandaoni ya PlayStation imefunguliwa rasmi Afrika Kusini peke yake, na Mtanzania anayeitaka hulazimika kujiandikisha kama mkazi wa nchi nyingine. Mei 2024 Sony ilipotaka wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti hiyo, gemu iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizokuwa kwenye orodha. Ghadhabu ya wachezaji duniani iliifanya kampuni iliondoe sharti lile ndani ya siku chache. Hata hivyo jambo moja lilikuwa limeshadhihirika: Mtanzania mwenye kompyuta ya bei mbaya na fedha mkononi, sugu kwa kipimo chao wenyewe, naye hayumo kwenye hesabu. Kipimo kisichomwona huyo kitamwonaje kijana wa kibandani?

Sasa tuiseme bei kwa lugha ya mkoa huu. PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020, ile ya kutumia diski iliuzwa Marekani dola 499, yaani zaidi ya shilingi milioni moja kabla ya nauli, ushuru na faida ya muuzaji. Misimu ya karibuni bei ya pamba imekuwa shilingi elfu moja na ushei kwa kilo. Mashine moja, basi, ni takriban tani nzima ya pamba mbegu. Mkulima mdogo anayevuna kilo mia mbili au mia tatu kwa ekari angetoa mavuno ya ekari nne, achilia mbali dawa na vibarua, na bado hajanunua TV wala gemu yenyewe. Halafu kuna kalenda. Ununuzi wa pamba hufunguliwa Mei, na kuanzia hapo hadi Agosti fedha huzunguka, kuanzia madukani hadi kwa bodaboda, mpaka vibandani. Novemba na Desemba ni wakati wa kupanda, na baada yake palizi. Kijana anayecheza kila jioni mwezi Julai na asionekane kabisa Januari, mtaalamu wa soko atamwandika mpita njia asiye na msimamo. Kumbe amekwenda shamba. Mapenzi yake kwa gemu hayakupungua hata chembe, ila kinachomwezesha kucheza ni hela ya msimu, na wanaomhukumu wanaisoma ratiba ya kilimo kana kwamba ni tabia ya mtu.

Inafaa tukikague kibanda chenyewe, maana wengi wanaokidharau hawajawahi kukifikiria kama mfumo. Kuna TV, mashine, pedi mbili na mabenchi. Unalipia mechi au dakika, na mahali pengi kanuni ni moja tu: aliyefungwa ananyanyuka, aliyefunga anabaki. Kanuni hiyo ina nguvu kuliko inavyoonekana. Anayeshinda anacheza sana kwa hela kidogo, kwa hiyo kila kosa lina gharama inayoonekana papo hapo. Aliyefungwa anarudi kwenye benchi, na pale bado anajifunza, kwani anamtazama aliyemfunga akicheza na watu wengine, anaona anapenda kupitia wingi ipi, anaona anavyoteleza akibanwa katikati. Nyuma yake wamesimama watazamaji wasiomhurumia mtu, wenye kuchambua kila pasi kwa sauti. Mwenye mashine nyumbani anaweza kufungwa na kompyuta mara arobaini usiku mmoja asidaiwe senti wala asichekwe. Siwezi kuona ni kwa hoja gani huyo wa nyumbani anaitwa sugu na yule wa kibandani mpita njia. Ukiniuliza ni wapi mchezaji anapikwa hasa, nitakuelekeza kibandani bila kusita.

Historia ya gemu zenyewe iko upande wangu. Kabla mashine hazijaingia majumbani kwa wingi, gemu zilichezwa kumbini kwa sarafu: Space Invaders mwaka 1978, Pac-Man 1980, Street Fighter II 1991. Gemu za kupigana, ambazo leo zinatajwa kuwa ngome ya wachezaji sugu, zilizaliwa na kukua katika kumbi hizo za kulipia kwa mchezo. Daigo Umehara, Mjapani anayeheshimiwa kama mmoja wa wakubwa wa fani hiyo, ni zao la kumbi za sarafu. Karibu na hali yetu zaidi ni Arslan Ash wa Lahore, Pakistani. Alikulia katika kumbi za aina hiyohiyo, na mwaka 2019 alitwaa mashindano ya Evo Japan na kisha Evo ya Las Vegas kwa gemu ya Tekken 7, akiwapiga watu waliokuwa na kila kitu alichokikosa yeye: wadhamini, viza rahisi, mitandao ya kasi. Dunia ilishangaa Wapakistani wametokea wapi. Walitokea mahali ambapo hakuna aliyekuwa akihesabu.

Na Wasukuma, wenyeji wa mkoa huu, wanapaswa kuwa wa mwisho kuikubali dharau kwa mpita njia. Baada ya mavuno, vyama vya Wagika na Wagalu hushindana kwa ngoma uwanja mmoja na wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Umati huo una wataalamu wa ngoma, una pia mtu aliyekuwa akienda zake sokoni akageuza njia kwa sababu amesikia kitu kizuri. Hakuna anayemuuliza kama ana ngoma yake nyumbani. Miguu yake imehesabiwa sawa na ya mjuzi, na mchezaji aliyejiandaa mwaka mzima anajua kwamba bila kumgeuza huyo hashindi. Ndiyo maana wachezaji wa huku wamekuwa wakibuni vitu vipya kizazi hadi kizazi. Mtu anayedai kwamba umati wa kawaida unashusha kiwango cha sanaa ana deni la kutueleza jambo hilo.

Kuna pingamizi lenye uzito, nalo ni la fedha. Wanasema wapita njia hawategemeki: Wii ilijaza nyumba, lakini ilipokuja Wii U mwaka 2012 watu hawakurudi, na ikaishia kuuzwa milioni 13 na nusu tu, kwa sababu walikuwa wamehamia kwenye simu. Ni kweli simu ilichukua wengi. Lakini tazama kilichotokea kwa gemu moja ya mbio za magari, Mario Kart 8. Ilitoka kwenye Wii U mwaka 2014 ikauzwa nakala milioni nane na kitu. Mwaka 2017 gemu ileile, ikiwa na nyongeza chache, ikatolewa kwenye Switch, mashine unayoweza kuicheza sebuleni au ukaibeba, na ikauzwa zaidi ya milioni 60. Watu wale walikuwepo muda wote. Kilichoshindwa ni mashine ambayo wengi hawakuielewa, na lawama ikatupiwa wateja. PlayStation 2 inathibitisha hilohilo kutoka upande mwingine. Sony ilisimamisha uzalishaji wake mwanzoni mwa 2013, lakini miezi kadhaa baadaye bado zilitoka FIFA 14 na PES 2014 kwa ajili ya mashine iliyozaliwa mwaka 2000. Gemu za mwisho za mashine iliyouzwa kuliko zote zilikuwa za mpira, na kampuni haitoi gemu ya mashine kuukuu kama hakuna wa kuinunua. Waliobaki mpaka mwisho ndio hao wanaoitwa wasiotegemeka.

Wapinzani wataongeza kwamba vibanda vingi vilitumia diski za kunakili, kwa hiyo havikuwalipa waliotengeneza. Hilo silitetei, kwani mtengenezaji anastahili jasho lake. Ila anayemlaumu mwenye kibanda na amwonyeshe pia duka rasmi alilolikataa. Vilevile nakubali kwamba kibanda hakifai kwa kila gemu. Gemu ya hadithi inayotaka saa thelathini huwezi kuimaliza kwa kulipia nusu saa, na gemu kama San Andreas bila memori kadi ya kuhifadhi ulipofikia ni kuanza upya kila siku. Mwenye mashine yake anapata hapo kitu ambacho wa kibandani anakosa, nacho ni kikubwa. Lakini kukosa si ushahidi wa kutopenda.

Kosa halisi la vibanda liko kwingine, na nashangaa kwamba wanaovishambulia hawalitaji: wasichana hawamo. Benchi ni la wavulana, lugha ni ya wavulana, na saa za jioni ambazo kibanda huchangamka ndizo ambazo binti hutakiwa awe nyumbani. Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejulikana kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa kucheza Tekken mwaka 2018. Kipaji kama chake kikizaliwa Maswa au Lamadi leo, hakina pa kuanzia. Wazazi wanaohofia watoto kutoroka shule nao wana hoja, na dawa yake ni saa maalumu zinazosimamiwa na serikali ya mtaa. Haisaidii kukichanganya kibanda cha gemu na mashine za dubwi. Dubwi hutegemea bahati na hula hela ya mtoto bila kumfundisha kitu. Kwenye gemu, mtoto hujifunza kutoka kwa aliyemshinda.

Kwa hiyo wanaoandaa mashindano ya gemu nchini waache kuuliza nani ana akaunti na nani ana mashine. Kila kibanda kitoe bingwa wake, kwa wavulana na kwa wasichana, kila wilaya ya Simiyu itoe wake, Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, kisha wakutane mwezi Julai, hela ya pamba ikiwa bado mikononi. Viwanja vya Nyakabindi vilibeba Nane Nane ya kitaifa miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020, kwa hiyo nafasi ipo. Mwenye PS5 naye aje, akae kwenye benchi na kusubiri zamu yake kama wengine, na akifungwa anyanyuke.