Tusiwape Wanachuo Njia Iliyokwisha Kuandikwa

Umezuka katika mafunzo yetu mtindo ambao hatuna budi kuupinga. Mwanachuo anayejifunza kutengeneza hifadhidata ya shule kwa programu ya Microsoft Access hufika mahali ambapo amri zake hukataa kuisoma fomu ndogo iliyomo ndani ya fomu kuu. Huinua mkono. Mkufunzi huja, hutazama, hufuta mstari mmoja na kuandika mwingine, na fomu hufanya kazi. Mwanachuo hushukuru na kuunakili mstari ule daftarini. Somo limeharibika papo hapo, ingawa wote wawili wameachana kwa furaha.

Tueleze kwanza jambo lenyewe. Chukueni fomu kuu iitwayo Mwanafunzi, yenye jina la mtoto na darasa lake. Na ndani yake fomu ndogo iitwayo Alama, yenye mstari mmoja kwa kila somo. Mwanachuo anayetaka kusoma kisanduku cha Maki huandika Forms!Alama!Maki, na mashine humjibu kwa kosa namba 2450, kwamba fomu hiyo haionekani. Naye anaiona mbele yake kwenye kioo! Hapo hukasirika, nasi hatumlaumu.

Sisi humpa mfano wa nyumba ya kupanga. Orodha iitwayo Forms ni kama daftari la mtaa lililoandika wenye nyumba peke yao, tena wale tu walioko nyumbani saa hiyo, maana fomu iliyofungwa haimo. Alama ni mpangaji. Jina lake halimo daftarini. Anayemtaka hana budi kwenda kwa mwenye nyumba, akiulize chumba, kisha afungue mlango. Njia kamili basi ni hii: Forms!Mwanafunzi!FremuAlama.Form!Maki. FremuAlama ni jina la chumba, yaani fremu iliyowekwa ndani ya fomu kuu ili kuipokea fomu ndogo. Neno Form lililo baada ya nukta ndilo linalofungua mlango. Amri zilizoandikwa ndani ya fomu yenyewe hazihitaji safari ndefu namna hii: Me ni fomu ile ile zilimoandikwa, na Me.Parent, kwa mpangaji, ni mwenye nyumba wake.

Matata mengi hutokana na kulichanganya jina la chumba na la mpangaji. Mara nyingi programu yenyewe hukipa chumba jina la mpangaji wake wakati fomu ndogo inapowekwa, kwa hiyo mwanachuo aweza kumaliza muhula mzima asijue kwamba ni majina mawili. Njia yake hufaulu kwa bahati. Siku mtu atakapobadili jina la fremu, au kuiweka fomu ile ile mara mbili, bahati hiyo itakwisha: litatokea kosa namba 2465, au kisanduku kitaonyesha #Name? badala ya jibu.

Wenzetu wengine husema kwamba kipindi ni kifupi, kompyuta ni chache, na kwamba jedwali la njia zote lililobandikwa ukutani latosha. Uzito wa hoja hiyo twaujua, kwani nasi tumewahi kulibandika. Lakini jedwali humsaidia mtu pale tu mashine inapolalamika. Kosa baya zaidi halilalamiki.

Mwanachuo wetu mmoja, akiwa katika mazoezi ya kufundisha, aliitengenezea shule fomu ya ripoti. Njia aliyoinakili haikuwa na dosari hata ya herufi moja, ila ilielekea kwenye Maki badala ya kisanduku cha Wastani kilichokuwa chini ya fomu ndogo. Sasa, fomu ndogo yenye mistari mingi ikiulizwa Maki hutoa maki ya mstari uliochaguliwa wakati huo tu. Na fomu inapofunguliwa, mstari huo kwa kawaida ni wa kwanza. Mtoto aliyepata 78 katika Kiswahili, 31 katika Hisabati na 41 katika Sayansi aliandikiwa wastani wa 78, hali wastani wake ulikuwa 50. Walimu walipochagua watoto wa kufundishwa Hisabati zaidi nyakati za jioni walifuata ripoti, na jina lake likaachwa. Aliyegundua alikuwa mama wa mtoto, aliyeliweka daftari la Hisabati kando ya ripoti akaona haviafikiani. Wiki kadhaa zilikuwa zimekwisha kupita.

Tangu hapo tumebadili mpango wa kipindi. Mwanachuo hufungua dirisha la majaribio kwa kubonyeza Ctrl na G, akauliza hatua kwa hatua, akianza kila swali kwa alama ya kuuliza. Kwanza ?Forms!Mwanafunzi.Name. Ikijibu, ?Forms!Mwanafunzi!FremuAlama.Name. Kisha ?Forms!Mwanafunzi!FremuAlama.Form.Name, ambapo kwa mara ya kwanza huona jina la mpangaji likitofautiana na la chumba. Hatua isiyojibu ndiyo yenye kosa. Akiisha kuipata thamani, husogea mstari mwingine wa fomu ndogo na kuuliza tena swali lile lile. Jibu likibadilika, ajue kwamba anasoma somo moja tu, si jumla wala wastani. Jaribio hilo halichukui hata dakika moja, nalo lingalimwokoa yule mtoto.

Amri ya On Error Resume Next tumeipiga marufuku mwaka wote wa kwanza, kwa kuwa huifanya mashine iendelee kimya kana kwamba hakuna kilichoharibika. Na mkufunzi anapoitwa huja mikono ikiwa nyuma. Aweza kuuliza swali. Kugusa kibao cha herufi haruhusiwi.