Wakipata, Watatwambia na Sisi?

Kila chombo kipya kinapotua kwenye sayari ya Mirihi, mezani kwetu seminarini huanza ubishi uleule. Upande mmoja husema: fedha hizo zingechimba visima vingapi, zingejenga zahanati ngapi? Upande wa pili hujibu kwamba Mungu amempa mwanadamu akili ili aitumie, na anayeichunguza kazi ya Muumba hapotezi muda wake. Kengele ya sala ya usiku inalia, tunanyanyuka, hakuna aliyeshinda. Tunataka kusema wazi tunasimama wapi, kwa sababu tunaona pande zote mbili zinaliruka swali lililo kubwa zaidi.

Tuanze na gari lenyewe, maana wengi wanaolibishania hawalijui. Gari la roboti liitwalo Perseverance, yaani ustahimilivu, lilirushwa kutoka Florida, Marekani, tarehe 30 Julai 2020, likatua Mirihi tarehe 18 Februari 2021. Lina magurudumu sita na uzito wa kilo 1,025, karibu sawa na zile Toyota Vitz zinazojaa barabarani kwetu. Halina dereva. Ujumbe wa redio kutoka duniani huchukua kati ya dakika 3 na 22 kulifikia, kutegemea sayari hizi mbili ziko wapi, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kukanyaga breki akiona jiwe mbele. Wataalamu hulipa maagizo ya siku, kisha lenyewe huangalia njia kwa kamera zake na kukwepa mawe na mashimo.

Mahali lilipotua panaitwa Jezero, shimo kubwa lenye upana wa kilometa 45. Zamani sana palikuwa na ziwa, na mto ulioingia humo uliacha matope yake kama Rufiji inavyoyaacha kwenye delta. Gari hilo hutoboa miamba, huchukua vipande vyembamba kama chaki na kuvifungia ndani ya vichupa vya metali. Julai 2024 lilikuta mwamba wenye madoa ya ajabu. Septemba 2025 wanasayansi walichapisha uchunguzi wao: madoa hayo huenda ni alama ya vijidudu vya kale, na huenda ni kazi ya kemia tupu isiyo na uhai wowote. Vichupa bado viko kulekule. Mpango wa kuvileta duniani ulikadiriwa kufikia dola bilioni 11, ukakwama.

Sasa fedha. Perseverance iligharimu takribani dola bilioni 2.7 za Marekani, zilizogawanywa katika miaka mingi ya kazi. Ni nyingi mno kwa yeyote kati yetu kuziwazia. Lakini mwaka 2023, kwa hesabu za taasisi ya SIPRI ya Sweden, dunia ilitumia kwa majeshi na silaha takribani dola bilioni 2,443. Gawanya kwa siku 365, kisha kwa saa 24: gari lote la Mirihi, tangu mchoro wa kwanza, ni sawa na matumizi ya kijeshi ya saa zisizofika kumi. Mwenye kutafuta fedha za visima anajua sasa mlango wa kubisha hodi kwanza. Mtakatifu Paulo VI aliubisha mlango huo mwaka 1967 katika waraka wake Populorum progressio, alipoomba sehemu ya fedha za silaha iwekwe katika mfuko wa kuwasaidia maskini. Hakusikilizwa sana.

Hata hivyo hoja hiyo haitutoshi. Mtu hajitetei kwa kusema kwamba jirani yake anafuja zaidi.

Wakati wa likizo baadhi yetu tulikwenda Pemba kuwasaidia waamini wachache walioko kisiwani, tukafika Vitongoji, upande wa mashariki wa mji wa Chake Chake. Ni nchi ya mikarafuu, minazi na wavuvi. Jioni moja kijana alikuwa na video ya gari la Mirihi kwenye simu yake. Mzee mmoja mvuvi, Mwislamu, aliyetukaribisha kahawa barazani kwake, aliitazama hadi mwisho.

“Wanangu, hicho chombo kimekwenda kutafuta nini?”

“Mzee, kinatafuta alama za maji ya kale. Na pengine alama za viumbe vidogo mno vilivyoishi humo.”

Akamimina kahawa nyingine. “Basi wakipata, watatwambia na sisi?”

Hakuuliza bei. Aliuliza kama yeye anahesabiwa miongoni mwa wanaotafutiwa. Na tusimchukulie kuwa mtu asiyejua anga. Anajua siku za bamvua na siku za maji mafu kwa kuutazama mwezi, na maisha yake baharini yametegemea elimu hiyo. Jina Mirihi lenyewe, pamoja na Zuhura, Mushtarii na Zohali, lilikuwa midomoni mwa watu wa pwani zamani sana, lilipokuja kwa njia ya Kiarabu. Wengi wetu tuliotoka bara tulifika kidato cha kwanza tukiijua sayari hiyo kwa jina la Kiingereza tu.

Swali la mzee lina historia visiwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walijenga kituo cha kufuatilia vyombo vya anga huko Tunguu, Unguja. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa moja ya vituo vilivyozungumza naye alipokuwa akipita juu ya Afrika Mashariki. Hebu fikirini: sauti ya mtu aliye angani ikipokelewa Tunguu, kati ya mihogo na minazi! Lakini wenyeji walikuwa majirani wa antena tu. Uvumi ukajaza nafasi ya maelezo. Wengi walihofia kwamba ni kituo cha makombora, na wakawepo walioandamana kukipinga. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wamarekani wa kituo hicho waliondolewa kwa meli ya kivita ya nchi yao, na mwaka huohuo Serikali ya Mzee Karume ikataka kituo kiondoke. Hatusemi kwamba elimu peke yake ingekinusuru, maana siasa za wakati ule zilikuwa nzito. Tunasema kwamba watu hawawezi kukililia kitu ambacho hawakuwahi kuonyeshwa.

Jambo kama hilo lilitokea pia Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Kiitaliano la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Jina letu lilikwenda angani, watoto wetu wakabaki ufukweni.

Sasa tazameni tofauti. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kuchora ramani mpya ya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, zile ambazo wengi huziita droni. Nazo ni roboti: hupewa njia, huruka zenyewe, hupiga picha na kurudi. Eneo lote lilikuwa zaidi ya kilometa za mraba 2,300. Safari hii waliofundishwa kuzirusha na kuzitengeneza picha hizo kuwa ramani ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, pamoja na watumishi wa ardhi, na picha ziliwekwa wazi ili kila mtu azitumie. Kampasi kuu ya SUZA iko wapi? Tunguu.

Hapo ndipo tunaposimama. Gari la Mirihi haliwi dhambi kwa sababu ni ghali, wala haliwi takatifu kwa sababu linachunguza uumbaji. Tunalipima kwa kuuliza ni nani anafundishwa kwa ajili yake. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Centesimus annus wa mwaka 1991, alifundisha kwamba siku hizi kuna aina ya mali isiyopungua umuhimu kuliko ardhi, nayo ni ujuzi, teknolojia na maarifa. Kama Mungu amekusudia mali za dunia ziwafae watu wote, na hilo ni fundisho la kale la Kanisa, basi ujuzi nao haukusudiwi kufungiwa chumbani kwa wachache.

Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako Wapemba wengi wana ndugu, walilielewa jambo hili. Chombo chao Al-Amal, yaani Tumaini, kilifika Mirihi Februari 2021 na kuanza kuizunguka. Hawakuanza na Mirihi. Walianza kwa kuwapeleka vijana wao kujifunza kutengeneza setilaiti pamoja na Wakorea, kisha wakafanya kazi bega kwa bega na vyuo vikuu vya Marekani. Mtu atasema wao wana mafuta. Ni kweli wanayo, lakini mafuta hayafundishi hesabu.

Kwa upande wa kipaji Pemba haina upungufu. Si mbali na Vitongoji, huko Wawi, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 kwa ushirikiano na taasisi ya Kiitaliano. Huko wataalamu huinamia darubini wakitafuta mayai ya minyoo na ya kichocho, na kazi yao ni kutofautisha kiumbe na doa lisilo na maana. Ndiyo kazi ileile wanayoifanya wale wanaobishana juu ya madoa ya mwamba wa Jezero. Fundi sanifu wa Wawi angewaelewa haraka kuliko sisi tunaosoma falsafa.

Turudi kwa swali la mzee, kwa sababu jibu lake linatuuma. Wamekwisha kutwambia. Picha za Perseverance huwekwa kwenye intaneti bila malipo, mtoto wa Vitongoji anaweza kuziona kwa wakati mmoja na profesa wa Roma. Lakini maelezo yake ni ya Kiingereza, bando linaisha, na hakuna anayemkalisha mtoto huyo chini na kumweleza anachokiona. Pengo hilo hakuliweka Mmarekani. Na sisi Wakatoliki tuna redio, magazeti, shule, na jumuiya ndogondogo hadi vijijini. Tunatangaza mengi kwa vyombo hivyo. Sayansi kwa Kiswahili ni kidogo mno.

Wala tusijifiche nyuma ya udhuru kwamba si kazi ya mapadre. Padre Angelo Secchi, Mjesuiti, aliichora Mirihi kwa darubini huko Roma mwaka 1858. Tangu 1986 Kituo cha Vatikano cha Kuchunguza Anga kimekuwa kikiwaita vijana wa mataifa mbalimbali, na hasa wa nchi zisizo tajiri, kusoma elimu ya nyota kiangazi. Kwa nini maombi ya kwenda huko yasiandikwe pia kwenye shule zetu?

Kwa hiyo tumekubaliana mambo mawili, tena madogo. Mosi, kila mwezi tutaandika hapa ukurasa mmoja wa sayansi kwa Kiswahili chepesi ambacho mwalimu wa sekondari anaweza kukisoma darasani bila kamusi, na tunaomba walimu wa masomo ya sayansi, wawe Wakristo au Waislamu, watusahihishe kabla haujachapishwa. Pili, tunatafuta darubini ya anga, hata iliyotumika, ya kupeleka Pemba wakati wa likizo. Tarehe 19 Februari 2027 Mirihi itakuwa upande mmoja wa dunia na Jua upande wa pili. Jua litakapozama nyuma ya Chake Chake, yenyewe itakuwa inachomoza baharini, na Vitongoji inatazama mashariki. Aliye na darubini, au anayemjua aliye nayo, atuandikie kabla ya Krismasi ya 2026.