Wote wawili mna herpesi? Tendo la ndoa lina masharti, halijafutwa

Swali hili huulizwa kliniki kwa sauti ya chini: "Daktari, mimi na mwenzangu sote tumekutwa na herpesi. Je, tendo la ndoa ndiyo basi?" Jibu ni hapana. Lakini pia si kweli kwamba kwa kuwa wote mnayo, hamna tena cha kujihadhari nacho.

Herpesi ya sehemu za siri husababishwa na virusi. Hutokeza malengelenge madogo yanayopasuka na kuwa vidonda vyenye maumivu. Vidonda hupona, virusi hubaki vimejificha kwenye mishipa ya fahamu na huweza kuamka tena. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka 2024 kuwa watu milioni 846 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wanaishi na ugonjwa huu. Hamko peke yenu.

Kwanza, acheni kutafuta mchawi. Mtu anaweza kukaa na virusi miaka mingi bila dalili yoyote, na hakuna kipimo kinachoonyesha nani alianza. Kidonda kilichotokea leo si ushahidi wa usaliti wa jana.

Pili, fahamuni aina zenu. Virusi hivi viko vya aina mbili. Aina ya kwanza hupenda midomo, ingawa huweza kufika sehemu za siri kwa njia ya mdomo. Aina ya pili hupenda sehemu za siri. Mkiwa na aina moja, uwezekano wa kuambukizana upya ni mdogo sana, maana miili yenu imeshajenga kinga. Zikitofautiana, mmoja bado anaweza kumpa mwenzake asichokuwa nacho.

Tatu, wakati wa vidonda pumzikeni. Anzeni kupumzika mara mmoja wenu anapohisi muwasho au kuchomachoma, hadi ngozi ipone kabisa. Msuguano huongeza maumivu, na kidonda ni mlango wa maradhi mengine. Mwenye aina ya pili yuko katika hatari ya kupata Virusi vya Ukimwi takriban mara tatu zaidi ya asiye nayo. Kwa hiyo pimeni VVU nyote wawili. Kondomu hupunguza hatari, ila haifuniki ngozi yote. Ukigusa kidonda, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho. Msipake ndimu wala dawa ya meno.

Kuhusu dawa, acyclovir haiondoi virusi mwilini, bali hufupisha siku za vidonda, hasa ikianzwa mapema. Vikirudi mara kwa mara, daktari anaweza kukuandikia ya kila siku. Tofauti na kisonono au kaswende, si lazima mwenza asiye na vidonda naye anywe dawa.

Sasa nazungumza na mnaotarajia mtoto. Mama aliyekuwa na herpesi kabla ya mimba humpitishia mtoto kinga, na hatari kwa mtoto huwa ndogo. Hatari kubwa ni pale mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza katika miezi ya mwisho. Baba mwenye aina ambayo mama hana, katika miezi hiyo subiri. Mtoto mchanga akipata herpesi anaweza kufariki au kuharibika ubongo.

Ndiyo maana nasisitiza: mwambieni mkunga tangu hudhurio la kwanza la kliniki. Mama anaweza kupewa acyclovir kuanzia wiki ya 36, na akiwa na vidonda uchungu unapoanza, atajifungua kwa upasuaji. Lakini mkunga atapanga nini kama hajaambiwa? Aibu inayomfanya mama anyamaze ni hatari kuliko virusi vyenyewe. Na mtoto akishazaliwa, mwenye kidonda cha mdomoni, awe bibi au shangazi, asimbusu.

Wenzangu watoa huduma, tupunguze ukali. Mgonjwa aliyefokewa leo, kesho hasemi. Nanyi wenza, muulizane kabla ya kukaribiana: "Leo uko salama?" Swali hilo fupi liwe la kawaida chumbani kwenu, na atakayejibu "bado" asinuniwe.