Uongo Wenye Miguu Minne

Tangu mwaka 1962, ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, yamesemwa mengi juu ya ngoma na machache mno juu ya viti. Wengi wamedhani kwamba utamaduni huchezwa na kuimbwa tu, wala haukaliwi. Dhana hiyo ni potofu, nasi hatuna budi kuipinga.

Hapa Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, mafundi huunda mashua za mbao. Fundi apindaye ubao hadi ukubali umbo la ubavu wa chombo, kisha akaziba nyufa kwa pamba ili maji yasipenye, hakosi akili ya kuunda kabati. Walakini mwenye fedha akitaka samani, hutafuta iliyotoka ng'ambo: ubao wa maranda yaliyogandishwa kwa gundi, ukavikwa karatasi yenye picha ya mninga. Huo ni uongo uliowekewa miguu minne.

Watetezi wake husema kwamba hiyo ndiyo samani ya kisasa. Basi na tuutazame huo usasa bila kupepesa macho. Mwaka 1981, mjini Milan, Italia, Ettore Sottsass na wenzake waliojiita Memphis walionyesha kabati la vitabu liitwalo Carlton. Kimo chake ni karibu mita 2. Mbao zake nyingine zimelala, nyingine zimeinama upande huu na huu, na kileleni pana umbo kama la mtu aliyeinua mikono. Rangi zake hazipatani wala haziombani radhi. Vitabu havisimami kama askari gwarideni, huegemea. Ni mzaha, lakini ni mzaha wenye hoja: nani aliyeamuru kwamba rafu lazima iwe mraba?

Jambo kubwa zaidi ni vazi lake. Sottsass alilivika plastiki ngumu, ile iliyozoeleka kwenye meza za migahawa na za jikoni, wala hakuichora ifanane na mti. Plastiki ilibaki plastiki, ikajivunia rangi zake. Hapo ndipo kabati hilo linapoiumbua karatasi yetu ya mninga.

Hatusemi Carlton liigwe. Lilivikwa malighafi ya mgahawa likauzwa kwa bei ya tajiri, na mzaha wa tajiri haumshibishi maskini. Wala ujasiri huo si mgeni kwetu. Berlin, katika jumba la makumbusho, kimo kiti cha mtemi wa Kinyamwezi kilichotoka huku enzi za ukoloni wa Wajerumani. Egemeo lake limechongwa umbo la mtu. Miaka mingi kabla ya Milan, mchongaji wa kwetu alikwisha kukataa kwamba egemeo lazima liwe ubao mtupu.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Kwanza, ofisi za umma zinapotaka samani, zimpe seremala wa mahali hapo vipimo na matumizi, kisha zimwachie umbo. Pili, shule za ufundi zifundishe historia ya kiti kama zinavyofundisha kupiga randa. Taifa linalokalia uongo kila siku ya kazi halitajipatia ukweli kwa ngoma za sikukuu peke yake.