Barua ya Galbet: Mtoto Ambaye Hajajua Kunyonya

Juma hili nilikusudia kuendelea na habari za soko la mifugo, kama nilivyoahidi. Lakini siku ya Jumanne, nilipokuwa nikirudi nyumbani kutoka kazini, mzee mmoja jirani yangu hapa Galbet alinisimamisha njiani, fimbo yake mkononi na jasho likimtiririka, akaniuliza, "Karani, wewe umesoma na watu wa hospitali wakujua. Mke wa mwanangu amejifungua mtoto wa miezi saba. Wamemtia mpira puani, wala hawamwachi anyonye kwa mama yake. Je, wataka afe njaa?"

Nilimjibu kwa ufupi, kwani jua lilikuwa kali naye alikuwa na haraka. Nilipofika nyumbani nikaona kwamba swali lile si la mzee yule peke yake. Mimi mwenyewe nililiuliza katika mwaka wa 2021, na nililiuliza kwa hasira kuliko yeye. Basi soko la mifugo litangoja.

Mtoto wetu wa pili alizaliwa katika juma la 32 la mimba, hali mimba iliyotimia ni ya majuma 37 na kuendelea. Alipimwa akawa gramu 1500, yaani kilo moja na nusu. Alilia kwa sauti ndogo kama ya paka, nasi tukafurahi. Mama yake alipomweka kifuani, mtoto alifungua kinywa, akaigusa chuchu kwa ulimi, akalala. Tukamwamsha, akalala tena. Mwuguzi akasema, "Mwacheni, hajajua bado." Mimi nikadhani ananidhihaki. Mtoto wa mbuzi ajua kunyonya siku ile ile aliyozaliwa. Mtoto wa mtu asijue kwa nini?

Jambo lenyewe ni hili. Mtoto angali tumboni hujifunza kumeza mapema sana, kwa kumeza yale maji yanayomzunguka. Baadaye hujifunza kufyonza. Wengine huonekana katika picha za mashine wakifyonza kidole gumba. Lakini huko tumboni hapumui hewa, kwa hiyo hana haja ya kupatanisha kazi tatu kwa pamoja: kufyonza, kumeza, na kuvuta pumzi. Akishazaliwa, kazi hizi tatu hupita katika koo moja, na yapasa zipeane zamu. Wewe msomaji, jaribu kumeza mate na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Hutaweza, maana njia ya pumzi hufungwa kidogo wakati wa kumeza. Mtu mzima hufanya hivyo pasipo kufikiri. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake hana bado mpango huo katika ubongo wake. Kwa kawaida huanza kuupata kati ya juma la 32 na la 34, na huukamilisha karibu na wakati ambao angezaliwa. Akilazimishwa kabla ya hapo, maziwa huweza kushika njia ya mapafuni, naye akapatwa na homa ya mapafu au akaacha kupumua kabisa. Basi ule mpira mwembamba unaopita puani au kinywani mpaka tumboni si kumnyima chakula. Ndio mlango pekee ulio salama kwa siku hizo.

Jirani yetu mwingine, mwanamke mzee ambaye mtaa mzima humwita Ayeyo, aliyaelewa haya kabla yangu, ijapokuwa hakusoma hata darasa moja. Aliniambia kwamba katika kuhama kwao na wanyama, mwana-kondoo akizaliwa dhaifu asiyeweza kusimama, mchungaji hamwagii maziwa kinywani. Humtia kidogo kidogo kwa kidole, na kungoja ameze kabla ya kutia tena. "Ukiwa na haraka, umemzamisha pasipo mto," alisema. Na sisi watu wa Mto Tana twajua kuzama ni nini.

Maziwa yanayopita katika mpira yatoke wapi? Yatoke kwa mama. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo akina baba wengi, nami nikiwamo, huwaacha wake zao peke yao. Mama ambaye mtoto wake hawezi kunyonya yampasa akamue maziwa kwa mkono mara nane au zaidi kwa siku, na usiku pia, tangu saa za kwanza baada ya kujifungua. Asipokamua, maziwa hupungua, na siku mtoto atakapokuwa tayari kunyonya atakuta kisima kimekauka. Yale maziwa ya kwanza, mazito na ya rangi ya manjano, ambayo Kiswahili huyaita dang'a na Wasomali huyaita dambar, wengine wangali huyamwaga wakidhani ni machafu. Hasha! Yana kinga nyingi dhidi ya maradhi, na matone machache tu hufaa. Mke wangu alipata nusu ya kijiko siku ya kwanza, akalia akidhani ni haba mno. Mwuguzi akayavuta katika bomba lisilo na sindano, akampa mtoto yote, na tone moja akampaka ndani ya shavu ili apate kuonja.

Tena si haba kama twavyofikiri. Kwa kawaida waganga huanzia kama mililita 60 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku ya kwanza, wakiongeza siku hata siku kadiri tumbo lake linavyopokea. Kwa mtoto wa gramu 1500 hesabu hiyo ni mililita 90. Zigawe mara nane, yaani kila baada ya saa tatu, utapata mililita 11 na kidogo, vijiko viwili vya chai na matone. Nilipoifanya hesabu hiyo nyuma ya bahasha niliona haya, maana siku iliyotangulia nilikuwa nimegombana na watu kwamba mwanangu anyimwa chakula.

Wakati maziwa yanapita katika mpira, mtoto huwekwa katika ziwa la mama lililokwisha kukamuliwa, apate kufyonza bila kumeza. Watu waliokuwa karibu waliona huo ni mchezo. Kumbe ndiyo shule yake. Tumbo lajaa huku kinywa chafanya kazi, na mtoto hufundishika kwamba kufyonza na kushiba ni jambo moja. Katika nchi zenye mali wako wataalamu ambao kazi yao ni hiyo tu, kuwafundisha watoto na wagonjwa kumeza. Kwetu Kenya ni wachache mno, na wengi wao wako Nairobi. Huku kwetu mtaalamu ni mwuguzi wa zamu pamoja na mama mwenyewe.

Jambo jingine lililonistaajabisha ni habari ya baridi. Garissa kuna baridi gani? Hata hivyo mtoto wa kilo moja na nusu hana mafuta chini ya ngozi, naye hupoteza joto hata mahali ambapo sisi twatafuta kivuli. Mwenye kupata baridi huitumia nguvu yake yote kujipasha joto, asibakishe ya kunyonyea. Dawa yake ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, mtoto akiwa amefungwa kwa kitambaa mchana na usiku. Njia hii ilianzishwa mwaka wa 1978 katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, na Daktari Edgar Rey Sanabria, kwa sababu hospitali yake ilikuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto. Huitwa njia ya kangaruu, kwa jina la mnyama wa Australia abebaye mwanawe katika mfuko. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri ianzwe mara tu mtoto azaliwapo, badala ya kungoja kwanza apate nguvu katika mashine. Baba naye aweza kufanya hivyo. Mimi nilikaa saa mbili kila jioni bila shati, na vijana wa mtaani walipopata habari walicheka sana. Na wacheke.

Kwa sababu hiyo hiyo ya jua letu, watu humpa mtoto maji, au maji ya sukari, na wengine samli au maziwa ya ngamia. Maziwa ya mama, katika sehemu kumi, karibu sehemu tisa ni maji. Kiu ya mtoto yamo humo. Maziwa ya ngamia ni mazuri kwetu sisi wenye meno. Matumbo ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ni laini mno, na maziwa yasiyo ya mwanadamu huzidisha hatari ya ugonjwa mbaya wa kuoza matumbo. Ndugu zetu Waislamu wenye kufuata sunna ya kumpaka mtoto tende kaakaani, nawaomba wamwulize mwuguzi kwanza kama koo la mtoto liko tayari.

Na mama asipopata maziwa ya kutosha, je? Huko Nairobi, katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, ilifunguliwa mwaka wa 2019 akiba ya maziwa ya akina mama, ya kwanza katika nchi yetu, ambako mama mwenye ziada hutoa, yakapimwa na kuchemshwa kwa kiasi, akapewa mtoto mwenye haja. Nilipomweleza Ayeyo habari hiyo alitikisa kichwa. Hakusema ni mbaya. Alisema, "Nani ataandika majina?" Kwa sheria ya Kiislamu mtoto anyonyaye kwa mwanamke mwingine huwa mwanawe wa kunyonya, na ndugu zake wa kunyonya hawezi kuwaoa. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Wasomali, hukumu hiyo huthibitika kwa kunyonya mara tano. Na wanavyuoni wengi husema ni mamoja akinyonya ziwani au akinyweshwa kikombeni. Kwa hiyo hofu ya wazee wetu si ujinga. Njia inayofaa hapa ni mama wa ukoo, shangazi au jirani anayenyonyesha, ambaye hospitali imempima damu yake na kumwona hana ugonjwa, na ambaye pande zote mbili zinamjua. Mimi ni karani, nami napenda mambo yaandikwe: andikeni jina lake na tarehe, karatasi moja ikae kwa baba na nyingine kwa sheikh.

Sasa nieleze kosa langu. Mtoto alipofika gramu 1800 na kujua kunyonya kidogo, tuliruhusiwa kurudi nyumbani. Tuliagizwa kwamba kila akinyonya aongezewe maziwa ya kukamua kwa kikombe kidogo. Mimi niliona kikombe chachelewesha, na mke wangu alikuwa amechoka. Nikanunua chupa ya kunyonyeshea katika duka moja, nikaificha. Nchi yetu ina sheria ya mwaka wa 2012 inayozuia kuwavuta wazazi kwa matangazo ya chupa na maziwa ya unga, lakini sheria haiwezi kumzuia baba mwenye haraka. Saa tisa za usiku mtoto alilia, nikamlaza chali, nikampa chupa. Maziwa yakashuka upesi kuliko alivyoweza kumeza. Hakukohoa. Alinyamaza tu, macho wazi, na midomo yake ikawa rangi ya zambarau. Nikamgeuza kifudifudi juu ya mkono wangu, kichwa chini, nikampiga mgongoni, nikiita watu. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha akatapika, akalia, na sauti ile ndogo ya paka ilinifaa kuliko neno lolote nililopata kusikia. Tulilazwa tena siku mbili.

Mwuguzi hakunikaripia. Alinikalisha, akanifundisha upya kama mtoto wa shule. Mtoto akae karibu wima, akiwa macho, shingo imeshikwa. Kikombe kiguse mdomo wa chini, kiinamishwe mpaka maziwa yafike mdomoni tu, kisha ungoje ulimi wake utoke na kulamba. Usimimine kamwe. Akimeza mara chache, mpumzishe avute pumzi. Akinyosha vidole vyote, akikunja uso, pua ikitanuka, rangi ikibadilika, au maziwa yakichuruzika pembeni, amesema basi, acha. Na kikombe husafishwa kwa sabuni na maji moto kwa urahisi, hali chupa ina pembe nyingi za kufichia uchafu. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne mahali penye joto la nyuzi 25, lakini ni nyumba gani ya Galbet yenye nyuzi 25? Kwetu tuliyaweka katika chombo chenye barafu, au mtoto akayanywa mara moja.

Mtoto huyo sasa huwafukuza mbuzi wa watu, na hula anjera mbili asubuhi.

Mzee wangu wa Jumanne nilimwona tena jana jioni. Alikuwa amekaa nje ya hospitali akimngojea mkwewe amalize kukamua, na chupa ya barafu iko miguuni pake. Aliniambia mjukuu wake amepungua gramu chache, nikamweleza kwamba siku za mwanzo wengi hupungua hivyo, na kwamba amwulize mwuguzi uzito kila siku, auandike. Akanipa kalamu yake na kipande cha karatasi, nikampigia mistari. Habari za soko la mifugo nitazileta juma lijalo, Mungu akipenda.