Nani Kasema Mama Lishe Anaogopa Teknolojia?

Vijana wa mauzo wakirudi mikono mitupu kutoka kwenye migahawa midogo ya Dar es Salaam, taarifa wanayompa bosi ni ile ile: wale watu hawana elimu, wanaogopa teknolojia, tuwaandalie semina. Semina inafanyika, maji ya chupa na kalamu vinagawiwa, na programu ya kurekodi mauzo inabaki bila mnunuzi. Bosi anaridhika. Kosa ni la mteja.

Huu ni uvivu uliovaa tai. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania 2008, na mama lishe hakusubiri semina. Makato ya kutoa hela anayajua kuliko kijana anayetaka kumfundisha. Ndiyo maana bango la Lipa Namba limebandikwa ukutani, lakini mdomoni anasema, "Huna keshi, kaka yangu?" Alfajiri anatakiwa awe soko la Mabibo kutafuta ndizi na nyanya, na akidaiwa noti huko, lazima apitie kwa wakala, na kila akitoa anakatwa.

Sasa mpe hiyo programu saa saba mchana. Mkono mmoja umeshika upawa, mwingine unapokea hela, na jicho linamfuata fundi anayetaka kuteleza kabla hajalipa. Nani abonyeze kioo? Tena kinachomsumbua kichwa si mauzo bali madeni. Daftari lake lenye madoa ya mchuzi limeandikwa "wa gereji, wali samaki, Jumamosi", na anamjua huyo wa gereji, anajua na Jumamosi ipi ni ya kweli. Programu iliyobuniwa kwa mteja anayelipa ndipo aondoke haina pa kuandika hayo.

Halafu kuna ada ya mwezi. Hela ya mama lishe haikai mwezi. Jioni inagawanywa: mtaji wa kesho, mkaa, mchezo wa upatu, rejesho la mkopo wa kausha damu. Mvua ikinyesha kutwa, wali unabaki sufuriani, na ada haijali.

Ukitaka kuona teknolojia iliyomwelewa mpishi, tazama gesi. Mtungi hudai hela nyingi kwa mkupuo, wakati mkaa unauzwa hata kwa kopo. Kampuni ya KopaGas ilifunga mita kwenye mitungi hapa hapa Dar es Salaam, mtu akalipia kwa simu kiasi alichonacho siku hiyo. Waliobuni mita ile walianza na mfuko wa mpishi.

Huduma za kupeleka chakula nazo zina hesabu yake. Tuseme sahani inauzwa shilingi 2,500 na inamwachia mwenye mgahawa 400. Kampuni ikichukua asilimia 20, imebeba 500. Kila oda ni hasara ya mia. Akikataa, anaitwa mshamba. Lakini Desemba 2023 Jumia, kampuni iliyo kwenye soko la hisa la New York, ilitangaza kufunga huduma yake ya Jumia Food katika nchi zote saba ilikokuwa imebaki, Kenya na Uganda zikiwemo, kwa sababu biashara hiyo hailipi. Sikusikia mtu akisema Jumia inaogopa teknolojia.

Wapo wanaodai tatizo ni kupenda vya bure. Mtu anayelipa riba ya kausha damu, vya bure anavijulia wapi?

Hoja moja nzito muuzaji wa programu anayo, na cha ajabu haitumii: rekodi safi za mauzo zingeweza kumtoa mama huyu kwa wakopeshaji hao. Ila mama hataki kuahidiwa tu. Anataka pia kujua rekodi hizo zitasomwa na nani mwingine, na hilo ni swali la mtu mzima. Basi mpelekee benki iliyokubali kwa maandishi kumkopesha kwa rekodi hizo, na riba ikiwa imetajwa, kisha tuone kama atakosa muda wa kubonyeza.